Kuchora Watu Chapuchapu kwa Penseli Bila Kuua Mchoro: Mwongozo Kamili

Wengi wanaoshindwa kuchora watu kwa haraka hawashindwi mwanzoni. Mistari mitano ya kwanza huwa mizuri: mtu kainama, ndoo inanyanyuka, mgongo unaonekana umebeba kitu. Halafu mchoraji anakumbuka pua. Anarudi kichwani, anafuta, anachora tena, anahamia kwenye vidole, na dakika kumi baadaye yule aliyekuwa akinyanyua ndoo amegeuka sanamu ya kuvalishia nguo dukani.

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili penseli inyanyuke kabla uhai wa papo kwa papo haujatoka, na ili uutambue uhai huo ukiuona kwenye karatasi yako. Wachoraji wengi huutupa jalalani wakidhani ni uchafu.

## Vifaa

Penseli 2B mbili na 4B moja (namba ya B ikipanda, penseli ni laini na nyeusi zaidi). HB ni ngumu mno kwa kazi hii. Ili ikolee lazima uikandamize, na mkono unaokandamiza hauwezi kukimbia. 6B inakolea vizuri sana lakini ncha yake inaisha upesi na kiganja kinachafua karatasi nzima.

Wembe au kisu kidogo. Kichongeo cha kawaida kinaacha ncha fupi yenye uso mmoja tu wa kuchorea. Chonga kwa wembe mpaka sehemu nyeusi itokeze kama sentimita 1. Ncha ndefu ukiisimamisha inatoa mstari mwembamba, ukiilaza inatoa mstari mpana, na hutahitaji kubadilisha penseli.

Karatasi za fotokopi, A4, gramu 80. Nunua rimu zima, karatasi 500. Daftari la bei kubwa linautia mkono hofu; unaanza kuchora kwa adabu kama unaandika barua ya kuomba kazi. Karatasi ya bei nafuu inakuruhusu kuharibu.

Klipubodi, au kipande cha hadibodi na vibanio viwili vya nguo. Bana karatasi kumi kwa pamoja, uchore ile ya juu. Zile za chini ni godoro: bila hizo penseli inaruka juu ya ubao mgumu na mstari unatoka na mikwaruzo.

Simu yenye saa ya kuhesabu muda. Iweke kwenye mtetemo.

Raba ibaki nyumbani. Hata ukisema utaibeba kwa dharura tu, mkono utaitafuta.

## Mahali na watu wa kuchora

Kosa la kwanza ni kwenda stendi ya daladala siku ya kwanza. Gari linaingia, kila mtu anakimbilia mlangoni, nawe umebaki na kichwa kisicho na mwili. Anza na watu wanaorudia mwendo uleule: fundi cherehani, anayepiga pasi, wacheza bao barazani, msusi na anayesukwa, anayetwanga kinu, anayekuna nazi. Mkao ukikuponyoka, sekunde chache baadaye utajirudia mbele yako.

Kaa umbali wa mita 4 hadi 8. Ukikaribia chini ya mita 3 utalazimika kuinua na kuinamisha kichwa ili umwone mtu mzima, na mchoro utatoka na kichwa kikubwa na miguu ya mtoto.

Na adabu: shikamoo kwanza, karatasi baadaye. Mwombe ruhusa unayemchora kwa karibu, na akikataa, funga ubao bila kununa. Usichore watu walio katika ibada, wala usikae na karatasi karibu na kambi ya jeshi au kituo cha polisi. Uliyemchora akitaka kuona, mwonyeshe, hata kama umemchora vibaya. Atacheka, na baada ya hapo hatakaa tena kikakamavu kama anapigwa picha ya pasipoti.

## Kunyoosha mkono

Shika penseli kwa juu, kama mwalimu anavyoshika chaki ubaoni, na vidole vikae mbali na ncha. Mshiko wa kuandikia unachezesha vidole peke yake, na vidole vinachora kope na vifungo. Mstari wa mwili unatoka begani na kwenye kiwiko.

Jaza karatasi moja kwa miduara ishirini na mistari mirefu ishirini inayovuka ukurasa kwa mkupuo mmoja. Uko tayari pale mstari unapofika upande wa pili bila kutetemeka na bila kusimama njiani.

Kwa kikao kizima, ratiba hii inatosha: mikao 10 ya sekunde 30, mikao 10 ya dakika 1, mikao 5 ya dakika 2, na mikao 2 ya dakika 5. Jumla ni dakika 35. Usianze na ile ya dakika 5 kwa sababu unaiona rahisi. Ndiyo ngumu kuliko zote, maana inakupa muda wa kuharibu.

## Hatua ya 1: Tazama sekunde tano bila kugusa karatasi

Katika mkao wa dakika 1, sekunde tano za kwanza ni za macho. Jiulize jambo moja tu: uzito wake umeangukia wapi? Kwenye mguu mmoja? Kwenye makalio? Kwenye kiwiko kilichoegemea meza?

Kama hakuna anayekuangalia, uige mkao huo kidogo kwa mwili wako. Ukihisi paja la kushoto linakaza, umejua mstari wa kwanza uende wapi. Anayeruka hatua hii huanza na kichwa kwa sababu kiko juu, kisha anashuka kiungo kwa kiungo kama anayejaza fomu.

## Hatua ya 2: Weka alama ya juu na ya chini

Gusa karatasi mara mbili: kichwa kitaishia hapa, miguu itaishia hapa. Mtu mzima aliyesimama ana urefu wa takribani vichwa saba na nusu, hivyo mchoro wa sentimita 15 una kichwa cha sentimita 2. Nusu ya urefu iko pale miguu inapoanzia, si kiunoni. Aliyekaa kwenye kiti cha kawaida anakaribia vichwa sita kutoka sakafuni.

Sababu ni ya kawaida kabisa: bila alama hizo miguu hugonga mwisho wa karatasi, nawe unaifupisha ili itoshe. Michoro mingi yenye watu wafupi wanene imezaliwa hivyo.

## Hatua ya 3: Mstari mkuu

Piga mstari mmoja kutoka kichwani, kupitia mgongoni, hadi kwenye kile kinachobeba uzito. Mara nyingi utakuwa na umbo la C au S iliyolegea. Usifuate ukingo wa mwili. Pita katikati, kama kamba iliyofichwa ndani ya nguo.

Zidisha mpindo kidogo kuliko unavyouona. Mkono wa binadamu una tabia ya kunyoosha, na kila hatua inayofuata itanyoosha tena. Ukianza na mpindo halisi utamaliza na mtu aliyemeza fagio.

Onyo: usikwangue mstari kwa vipande vidogo vidogo vinavyopandana. Huo ni mstari wenye manyoya, na chanzo chake ni woga. Ukikosea, piga mstari mwingine pembeni, uiache yote miwili. Jicho la mtazamaji litachagua ulio sahihi, na ile mistari miwili ikikaa pamoja mara nyingi inaonyesha mwendo kuliko mmoja uliosafishwa.

Umefaulu kama mtu mwingine akiuona mstari huo peke yake anaweza kukisia: huyu anainama, huyu anasukuma, huyu kachoka.

## Hatua ya 4: Mabega na nyonga

Weka mistari miwili mifupi ya kukata ule mkuu, mmoja wa mabega na mmoja wa nyonga. Mtu akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda, na bega la upande huohuo kwa kawaida linashuka. Mistari miwili inayolala sambamba humfanya askari wa gwaride.

Kisha tumia timazi ya mafundi ujenzi: ning'iniza penseli kwa vidole viwili mbele ya jicho, uilinganishe na kishimo cha koo. Kwa mtu aliyesimama kwa mguu mmoja, kishimo hicho kinaangukia karibu wima juu ya unyayo uliobeba uzito. Kama kwenye karatasi yako hakiangukii hapo, mtu wako anaanguka. Hamisha mguu; usiguse kichwa.

## Hatua ya 5: Kiwiliwili ni gunia

Fikiria gunia la mchele lililosimamishwa likalalia upande. Upande mmoja umejikunja, mwingine umevutika. Kiwiliwili kinafanya hivyohivyo. Upande uliovutika upe mstari mmoja mrefu; uliojikunja upe miwili au mitatu mifupi yenye mpindo. Pande zote mbili zikifanana utakuwa umechora mtungi.

## Hatua ya 6: Mikono na miguu

Usichore kingo za mkono, chora njia yake: begani, kiwiko, kifundo, kwa mkupuo. Kiganja ni umbo moja bapa kama mwiko. Vidole havina nafasi katika dakika 1, isipokuwa kama vinafanya jambo linaloeleza mkao mzima, mfano kidole kinachoonyesha njia.

Angalia pia nafasi tupu. Pembetatu iliyopo kati ya kiwiko na kiuno cha aliyeshika kiuno ni rahisi kuikopi kuliko mkono wenyewe, kwa sababu huna jina lake kichwani la kukudanganya.

## Hatua ya 7: Nguo

Hapa ndipo miongozo mingi huwaacha wachoraji wetu njiani, maana huandikwa kwa watu uchi studioni au waliovaa suruali. Ukichora Mombasa, Unguja au Kariakoo utakutana na kanzu, buibui na kanga, na miguu huioni.

Kanuni ni hii: nguo pana inausema mwili pale inapougusa tu. Kwenye buibui tafuta sehemu tano: kichwa, bega, kiwiko, goti la mbele, na pindo la chini. Anapotembea, goti la mbele linasukuma kitambaa na mkunjo mrefu unatoka hapo kwenda kwenye kisigino cha nyuma. Mkunjo huo mmoja ndio hatua yenyewe. Ukiupata, huna haja ya mwingine; ukiongeza kumi unapata pazia.

Kanzu inaning'inia kutoka mabegani. Ukichora mistari miwili inayoshuka wima kutoka kila bega na mmoja unaovunjika kwenye goti, umemaliza.

Kanga inakaza. Mikunjo yake inaanzia pale ilipofungwa, kiunoni au kifuani, na kusambaa kama miale. Anapopiga hatua kitambaa kinavutika kati ya nyonga moja na goti la pili. Maua na maandishi ya kanga yaache kabisa; jina la kanga linasomwa dukani.

## Hatua ya 8: Mkazo mahali pawili

Hadi sasa umechora kwa wepesi. Geukia 4B, au kandamiza 2B, mahali pawili tu: pale uzito unapogusa ardhi au kiti, na pale mwili unapojikunja zaidi. Mtazamaji ataanzia hapo.

Ukikoleza kila mahali, umerudisha kila kitu sawa, na mchoro unakuwa kama picha ya kupaka rangi ya watoto.

## Hatua ya 9: Nyanyua penseli

Simu ikitetemeka, acha, hata kama kichwa hakina uso. Ihamishie karatasi hiyo chini ya zile nyingine, uchore mwingine. Usiangalie ulichomaliza mpaka kikao kiishe. Ukitazama sasa utaona mguu mfupi, utaurekebisha, na kurekebisha ndiko tulikokimbia tangu mwanzo.

## Mfano wa karibu: mtu anayekuna nazi

Amekaa kwenye kibao cha mbuzi, chini kabisa, karibu na sakafu. Magoti yamepanda, au yote mawili yamelala upande mmoja. Ulimi wa chuma umetokeza mbele, kifuu kiko mikononi, sahani iko chini.

Wanaoanza humchora kama mtu aliyekaa kwenye stuli anatazama bakuli. Kinachokosekana ni msukumo. Mtazame vizuri: uzito hauko makalioni peke yake, unahamia mikononi kila anapobonyeza kifuu kushuka kwenye meno ya mbuzi. Mabega yanakwenda mbele, shingo inazama katikati yake, viwiko vinafunguka nje.

Kwa hiyo mstari mkuu hauishii kwenye kiti. Unatoka utosini, unapinda na mgongo kama upinde, kisha mwingine unaanza begani na kushuka mikononi hadi kwenye kifuu. Mistari hiyo miwili inakutana kwenye mabega, na pembe iliyopo kati yake ndiyo kazi anayoifanya. Mabega yaweke chini kuliko unavyodhani. Kidevu kikaribie kifua. Kibao chenyewe ni mistari mitatu. Mkazo wa kwanza uweke pale kifuu kinapogusa chuma, wa pili pale paja linapokutana na tumbo.

Sekunde 40 zinatosha. Kama mchoro wako unamfanya mtu aone kwamba akiachia kifuu mwili utasogea mbele, umempata.

## Mtu akisogea kabla hujamaliza

Usimkamilishe kwa kumbukumbu, na usiunganishe nusu ya mkao wa kwanza na nusu ya wa pili. Matokeo yake ni mtu mwenye viwiliwili viwili vinavyogombana.

Badala yake, gawa karatasi kwa michoro mitatu au minne ya mtu yuleyule. Mcheza bao ana mikao kama mitatu: anafikiri, ananyanyua kete, anazisambaza mashimoni. Akihama kutoka wa kwanza, nawe hamia pembeni uanze wa pili. Akirudi, rudi. Ndani ya dakika kumi mikao yote itakuwa imeongezeka mistari kidogo kidogo.

Jaribu pia kutotazama karatasi. Auguste Rodin, mchongaji wa Ufaransa, katika miaka yake ya baadaye aliwachora watu waliokuwa wakijinyoosha na kutembea studioni kwake huku macho yake yakibaki kwao, penseli ikienda yenyewe. Viungo vinaachana kidogo, lakini mstari unatoka bila aibu. Fanya mikao mitatu ya namna hiyo kila unapohisi mkono umeanza kuwa na adabu mno.

## Kuzisoma karatasi zako

Subiri angalau saa moja, ikiwezekana hadi kesho yake. Tandika michoro yote 27 sakafuni, usimame ukiitazama kwa juu. Usianze kwa kuuliza upi umefanana. Uliza upi unaoutazama mara ya pili bila kujilazimisha, kisha utafute kwa nini.

Mara nyingi utakuta mambo matatu. Mstari umebadilika unene ndani ya mwendo mmoja, ukikolea palipo na uzito na kufifia mahali ambapo mwili umelegea. Kuna sehemu imeachwa wazi na jicho lako limeijaza lenyewe. Na kuna kosa linaloonekana, mkono mrefu kupita kiasi au mguu uliochorwa mara mbili, ambalo hulioni baya kwa sababu linakwenda upande uleule na mwendo.

Toa mitatu, weka kando. Ukitoa kumi na tano unajipendelea. Usipopata hata mmoja bado unatafuta picha ya pasipoti.

Ukipata nafasi, zoeza jicho kwa kazi za wengine. British Museum, London, ina mchoro wa chaki nyekundu wa Rembrandt, mchoraji wa zamani wa Uholanzi: wanawake wawili wanamfundisha mtoto kutembea. Uzuie uso kwa kidole, utaona hauhitajiki. Migongo na mikono imeshasema nani mzee na nani anashika asianguke. Hokusai, mchoraji wa Japani, alianza mwaka 1814 kuchapisha juzuu zilizojaa watu wadogo wadogo wakifanya kazi, wakicheza, wakisinzia. Chagua kumi kati yao, utafute mstari mkuu wa kila mmoja kwa kidole. Ni zoezi zuri kuliko kuwakopi.

## Yanayoharibika mara nyingi

Watu wote wananing'inia hewani: hujaweka mkazo miguuni, au umeanza na kichwa na muda ukaisha ukiwa kwenye magoti. Kwa mikao kumi ijayo, anza na miguu.

Vichwa ni vikubwa: uso unakuvutia kuliko mwili. Chora kichwa mwisho, kama yai lisilo na kitu, ulipe tu mwelekeo.

Mstari unatetemeka: unachora polepole mno au umeegemeza kifundo cha mkono. Nyanyua kiganja, ukigusa karatasi kwa kidole kidogo tu.

Michoro yote inafanana ingawa watu ni tofauti: umeacha kutazama, unachora fomula. Mchore mtoto. Wa miaka mitatu ana takribani vichwa vitano, na fomula yako itavunjika hapohapo.

Unachora kutoka kwenye picha za simu na zinatoka zimekufa: picha imeshagandisha mwendo kabla yako. Tumia video ya mpira, na usibonyeze kusimamisha.

## Kuhifadhi

2B na 4B zinachafuka zikisuguana. Ile mitatu uliyochagua iandike tarehe, mahali na muda wa mkao nyuma, kwa kalamu, kwa maandishi madogo: "Kukuna nazi, sek. 40." Weka karatasi laini nyembamba kati ya mmoja na mwingine ndani ya faili bapa. Dawa ya kupuliza ya kushikilia nywele inakaza penseli ukiipuliza kidogo kutoka sentimita 30, lakini baada ya muda inaifanya karatasi kuwa ya manjano, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye ile 24 iliyobaki. Nayo usiitupe: upande wa pili bado mweupe, na kesho kuna mikao mingine 27.